Harusi ya Volti Mia Mbili Ishirini na Nane

Wenzangu wa karakana, mmeniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu kazini "kabla Prof hajasahau," kama mlivyosema kwa adabu. Nimekubali kwa sababu tangu nistaafu nina muda mwingi, na mke wangu amechoka kunisikiliza. Kuhusu vyeo sitasema kitu: nilipata viwili, na cha pili kilikuwa kile cha kwanza, kilichopigwa chapa upya baada ya panya kula karatasi. Kuhusu mshahara, ninyi wenyewe mnaupokea. Mnajua si habari ya kuwasimulia watu wazima.

Nianze na siku ya kwanza. Nilifika kwenye shule yetu ya ufundi nikitoka moja kwa moja chuo kikuu, licence, yaani shahada, ya fizikia ndani ya bahasha, tai shingoni. Niliweza kuandika ubaoni milinganyo yote ya umeme na sumaku bila kuchungulia daftari. Papa Kalenga, mtunza karakana, mzee aliyekuwa amefanya kazi migodini kabla ya kuja kwetu, alisimama akiniangalia nikifungua plagi ya ukutani kwa kisu cha mezani. Hakunizuia. Umeme uliponitupa mpaka kwenye rafu ya skrubu, aliokota tai yangu, akaipangusa vumbi.

"Monsieur le licencié," akasema, "mu kitabu yenu, courant inaumaka?"

"Hapana, Papa."

"Basi leo umesoma page yenye haikukuwa mo."

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Alinifundisha kuweka mkono mmoja mfukoni ninapogusa waya nisioufahamu. Alinifundisha kunusa transfoma kabla ya kuifungua, maana iliyoungua hunuka kama bukari, ugali wetu, lililoshika chini ya sufuria. Alinipa mita ya sindano yenye kioo kilichopasuka, na amri moja: kila asubuhi, kabla ya somo, nipime umeme wa mji na kuandika namba yake ubaoni. Katika upande wetu wa Lubumbashi namba hiyo ilikuwa volti mia moja hamsini, siku njema mia moja sitini. Vitabu vilisema mia mbili ishirini. Namba ya vitabu tuliiheshimu kama mjomba aliyehamia Ulaya: tunajua yupo, lakini hatumwekei sahani mezani.

Papa Kalenga alipoondoka, mita ilibaki kwangu. Nikaendelea kupima, nikaendelea kuandika mia moja hamsini, mwaka baada ya mwaka, hadi mkono wangu ukaiandika hata kabla sindano haijasimama. Kumbukeni hilo mtakapofika mahali nilipotia aibu.

Kazi ngumu kuliko zote iliingia karakana ikisukuma kinga, kama tunavyoita baiskeli kwetu. Mwenye kinga alikuwa Kahindo, msichana wa miaka kumi na sita wa mwaka wa tatu, sehemu ya umeme. Baba yake, Papa Paluku, ni mfanyabiashara wa jumla aliyetoka Kivu ya Kaskazini na kuhamia huku na malori yake. Nyumba yao iko kando ya barabara ya Kasenga, wanakopita na kinga zao wabeba makala, yaani mkaa, kila alfajiri, magunia yamepita vichwa vyao kwa urefu, kinga zikilia kama mbuzi anayepelekwa sokoni. Kahindo hakuweza kuvumilia kelele hizo. Alianza kuwasimamisha. Aliwaongezea uma wa pili wa nondo mbele, breki ya kipande cha tairi nyuma, na bolberingi za mashine mahali pa zile za kiwandani zilizokufa. Baada ya muda wabeba makala wakawa wanapiga foleni mlangoni kwa mfanyabiashara wa jumla, na wateja wa jumla wakakosa pa kupita.

Kisha akaweka mota kwenye kinga yake mwenyewe. Hapo ndipo nilipomjua Papa Paluku. Aliingia ofisini kwangu, akaketi. Ni mtu anayeongea kama anayepakua lori: anashusha neno moja, anapumzika, anarudi kuchukua jingine.

"Mwalimu. Mi sikatae masomo."

Nikangoja.

"Chauffeur wangu alikuwa ku route. Mvua inanyesha. Anafinya bouton ya essuie-glace." Akapumzika. "Haitembee. Anafungua. Mota haiko mo. Unajua ilikuwa wapi?"

Nilijua. Mota ya wipa za lori ilikuwa nje ya dirisha langu, imefungwa kwenye kinga kwa mpira wa tairi. Asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimeipa alama kumi na nane juu ya ishirini.

"Huyu mutoto, minataka aende commerciale," akasema, yaani sehemu ya biashara. "Mu dépôt minahitaji muntu wa akili. Si muntu wa kufungua malori yangu."

Nilimtetea kwa hotuba ndefu iliyojaa maneno ya chuo kikuu. Aliisikiliza yote kwa subira, akasema, "Sawa," akaondoka. Kwa mtu kama yeye neno hilo linaweza kuwa na maana yoyote, na mimi nikachagua iliyonifaa.

Kahindo alirudisha mota ya lori, akapata nyingine yenye nguvu zaidi kutoka kwenye rundo la vyuma vikuukuu, na betri alizozifufua moja moja kutoka kwenye kompyuta zilizokufa. Nyuma ya kiti akafunga spika. Hapo ndipo ugonjwa wa pili ulipoanza, maana spika ya kwenye kinga ilikuwa ndogo, na Kahindo hakuweza kuvumilia kitu kidogo.

Wakati huohuo dada yake mkubwa, Masika, akachumbiwa na kijana wa familia ya hapa Katanga tangu zamani. Baba wa kijana ni msimamizi mgodini na anakaa kwenye kambi ya mgodi, nje kidogo ya mji. Familia mbili zikakubaliana: upande wa bwana harusi ulete chakula na vinywaji, upande wa bibi harusi ulete muziki. Mnajua mambo ya wakwe. Chakula kikikosa chumvi husamehewa. Muziki ukikosekana, wajukuu wataambiwa.

Kahindo akamwomba baba yake asikodi vyombo, angevitengeneza mwenyewe. Papa Paluku alifikiri siku mbili, kisha akatoa hukumu mbele yangu, ili niwe shahidi.

"Ikiimba tangu mwanzo mpaka bantu banarudia kwao, utabakia mu électricité. Sitasema tena. Ikikufa katikati," akapumzika, "lundi kisha harusi unaingia commerciale. Na zile bintu zako zote, unaachia chauffeur."

"Papa, hata kinga?"

"Zaidi sana kinga."

Tulikuwa na miezi mitatu. Sijawahi kufurahi hivyo kazini, na nawaambia haya nikijua nilikuwa nalipwa kufundisha darasa zima. Masanduku ya spika tuliyapiga randa kutoka kwenye mbao za makreti ya vipuri vya migodi. Moja lilibaki na maandishi "usigeuze" upande wa chini, kwa sababu tuliligeuza. Transfoma ya ampli, chombo cha kukuza sauti, aliisuka mwenyewe kwa mkono, waya wa shaba mzunguko mmoja baada ya mwingine, akihesabu kwa sauti. Mkuu wa shule alipita akamsalimu kwenye mzunguko wa mia tatu na kumi. Hakujibiwa. Mkuu akaniangalia, nami nikajifanya nahesabu pia.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo ninapovuliwa nguo. Transfoma husukwa kwa kufuata umeme itakaoupokea. Ukiihesabia umeme dhaifu halafu ukaipa wenye nguvu, itatoa mbele yake zaidi ya vile vifaa vingine vinavyoweza kubeba. Kahindo aliandika juu ya karatasi ya hesabu: umeme wa kuingia, volti 150. Aliipata wapi namba hiyo? Ubaoni kwangu, alikoiona kila asubuhi kwa miaka mitatu. Nikakagua hesabu, mstari kwa mstari. Hazikuwa na kosa hata moja. Nikaandika "Très bien" kwa wino mwekundu na kutia sahihi kubwa. Na kwa kuwa fyuzi zilikuwa zimekwisha stoo, mahali pa fyuzi nilimpa unyuzi mnene wa shaba. Kwetu shaba haikosekani. Kinachokosekana ni busara ya kuiacha mahali pake.

Jumamosi ya harusi, baada ya kanisa, msafara wa magari yote ulikwenda kuzungusha maharusi mjini kupiga picha. Sisi wawili tulitangulia kwenye ukumbi wa kambi, spika zikiwa zimekuja na lori la baba yake. Saa nane mchana tuko tayari. Ukumbini walikuwepo akina mama wa jikoni, wazee wachache waliowahi viti vya mbele, na Papa Paluku, amevaa suti, ameketi peke yake kama mtu anayesubiri mtihani wa mwingine.

Niliangalia taa za dari, nikamwambia Kahindo, kwa furaha ya mtalii, "Ona jinsi taa za hapa zilivyo nyeupe."

Akaunganisha plagi.

Ampli iliguna kama nyuki waliopigwa teke. Kisha nikasikia harufu ya bukari lililoshika. Kisha kondensa kubwa, kihifadhi umeme chenye ukubwa wa kopo la maziwa, ilipasuka, kopo likagonga dari, na vipande vya karatasi vikashuka polepole juu ya wazee wa viti vya mbele. Wazee wakapiga makofi. Walidhani tumefungua sherehe.

Kahindo tayari alikuwa amechomoa plagi. Alichukua mita ya Papa Kalenga, akachomeka waya zake ukutani, akaangalia sindano, akanipa mimi niangalie.

"Prof, huku courant iko nzima."

Mia mbili ishirini na nane. Mjomba wa Ulaya alikuwa amefika, na sahani hatukumwekea. Mgodi una laini yake, kambi inakunywa kutoka hapohapo. Mtoto yeyote wa kambi angeniambia, kama ningeuliza.

"Ni kosa langu," nikasema. "Mimi ndiye niliyeweka sahihi."

"Ata vile, itabakia kosa yangu," akajibu, bila hasira, akiwa ameshafungua kifuniko. "Commerciale, si njo mi nitaenda? Prof iko na clé ya karakana?"

Funguo nilikuwa nazo. Kondensa nyingine mbili zilikuwa ndani ya kabati ambalo mimi peke yangu ninajua jinsi linavyofunguka, kwa teke na maombi. Magari yote yalikuwa kwenye picha. Lori lilikuwa limekwenda kuchukua viti. Ilibaki kinga ya Kahindo, iliyopakiwa pamoja na spika.

"Huku ni moto, ya kukimbia," Kahindo akanifundisha, "huku ni breki. Hii bouton nyekundu, usiguse."

"Inafanya nini?"

"Prof, usiguse tu."

Basi mniwazie: fundi mkuu wa karakana, licencié, suti ya harusi, juu ya kinga ya mota, nikishuka barabara ya kambi kuelekea mjini. Kona ya kwanza nilitafuta breki nikapata bouton nyekundu. Spika ya nyuma ikalipuka kwa rumba, sauti yote, na haikuzimika tena kwa sababu bouton ilikuwa ya kuwasha tu. Ya kuzima Kahindo alikuwa bado hajaitengeneza. Wabeba makala waliijua hiyo kinga na sauti yake. Wakaondoka katikati ya barabara kunipisha, wengine wakapiga saluti kwa fimbo zao.

"Fundi wa Kahindo!" mmoja akapaza sauti. "Mwambie breki inashika muzuri!"

Sijawahi kupandishwa cheo vizuri namna hiyo. Nikafika karakana, nikapiga kabati teke, nikarudi na kondensa mbili mifukoni, jasho mpaka kwenye soksi, nikicheka peke yangu kama mwendawazimu mwenye muziki.

Transfoma ilikuwa imechomwa kidogo lakini haijafa. Kahindo alilehemu kondensa mpya kwa dakika ishirini. Ikabaki kazi ya kushusha umeme. Mji mzima una mashine za kupandisha. Hakuna aliyewahi kuota kununua ya kushusha. Kahindo aliangalia ukumbi, akaangalia jikoni, akamwendea mama wa bwana harusi, aliyekuwa akinyoosha kitambaa cha meza.

"Mama, tunaomba pasi."

"Nguo gani tena unataka kunyoosha, mama?"

"Haina nguo. Ni courant."

Wazo lilikuwa safi kabisa. Umeme upite kwanza ndani ya pasi, pasi ijilie sehemu yake, kinachobaki kiende kwenye ampli. Tukajaribu kwa wimbo wenye besi nzito: mia moja hamsini na tano. Nilitaka kumbusu pasi. Lakini Kahindo alipunguza sauti, na sindano ikaanza kupanda: mia moja themanini, mia mbili. Nikaelewa. Ampli ikinguruma inavuta umeme mwingi na pasi inakula vizuri. Ampli ikinyamaza, pasi inaacha kula, na zile volti zote zinaiangukia kondensa.

"Kwa hiyo," nikasema, "muziki usipungue."

"Ata kidogo," akasema. "Dakika moja ya kimya, inapasuka."

Maharusi waliingia saa tisa na nusu, na kwa saa mbili ilikuwa furaha tupu. Tulipiga kila kitu kwa sauti ya juu, hata wimbo wa kukata keki. Mama wa bwana harusi alipita akagusa pasi yake, akaikuta vuguvugu, akatingisha kichwa, akaenda kucheza. Mimi nilishika mita, Kahindo alishika sauti, na watu walicheza hadi wazee wa viti vya mbele wakavua makoti.

Kisha mshereheshaji akamwita baba wa bibi harusi atoe mashauri.

Sikuwa nimefikiria hotuba. Kipaza sauti kilipita ndani ya ampli ileile. Kuzima ampli ni kuzima mashauri mbele ya wakwe, na hukumu ilisema tangu mwanzo mpaka mwisho. Na anayekuja kusema alikuwa Papa Paluku, mtu wa neno moja kwa dakika. Nilimwona Kahindo akimkimbilia katikati ya ukumbi. Nilikuwa karibu, nilisikia.

"Papa, ukinyamaza inapasuka. Ongea bila kupumzika. Na nguvu."

Alimwangalia. Hakuhitaji kufanya lolote ili ashinde. Ilitosha awe vile alivyo kila siku. Akachukua kipaza sauti.

"Masika," akasema. "Mutoto wangu."

Akapumzika. Mita ikapanda: mia moja tisini, mia mbili, mia mbili na kumi. Kahindo alikuwa amesimama kando yangu, mikono nyuma, kama mtu mbele ya hakimu. Papa Paluku aliangalia sindano iliyokuwa mkononi mwangu, akamwangalia binti yake mdogo. Kisha akavuta pumzi.

"Masika mutoto wangu heshimu bwana yako, na weye bwana heshimu bibi yako, mukiwa ku Mitwaba mukulime pamoja, mukiwa ku Kasenga mukule samaki pamoja, mukiwa ku Mokambo musiachane ku frontière, mukiwa mu njia ya malori yangu muombe chauffeur awabebe, na chauffeur akikataa muniambie mi, na mvua ikinyesha..."

Sindano ikashuka. Ukumbi ukaanza kuitikia "eee" kila mji, na mzee akaendelea kupanda na kushuka ramani yote, akipaza sauti ambayo familia yake haikujua kwamba anayo. Miji ikaisha. Nikaona macho yake yakitafuta kitu kingine cha kusema, chochote, na cha karibu kabisa kilikuwa mbele yake.

"...na ile mashini inaniongelesha hapa, bantu ya ukwe, munaisikia vile inalia, ile haikununuliwa, haikukodiwa, ni huyu mutoto wangu Kahindo njo aliisuka na mikono, alitoa mota ku lori yangu akaweka ku kinga, mi nikakasirika, leo minasema mbele yenu bote, huyu ni fundi, mu famille yetu hatukukuwa na fundi, sasa iko, kama courant yenu inaharibika mumuite, na weye Masika ukizaa mutoto akapenda kufungua bintu usimupige, na sasa, minaisha, muziki!"

Kahindo alikuwa ameshapandisha sauti kabla neno la mwisho halijafika. Tulipiga hadi mgeni wa mwisho alipoondoka, na hakuna kilichopasuka isipokuwa mshono wa suruali yangu, ambao nadhani ulianza kwenye kinga.

Jumatatu asubuhi Papa Paluku alikuja ofisini kwangu na fomu ya kuhamisha mwanafunzi, aliyokuwa ameijaza wiki moja kabla ya harusi. Aliiweka mezani ikitazama chini, akaketi. Nikangoja. Nje Kahindo alikuwa akipiga kitu kwa nyundo. Mwishowe nikamwuliza kama ana neno lolote kuhusu sehemu atakayosoma binti.

"Mwalimu," akasema, sauti imekauka kabisa, "maneno yangu ya mwaka muzima nilishaimaliza samedi, mu harusi."

Akainuka, akaichukua fomu, akaitia mfukoni, akaenda.